CV026 katika labo ya Goma: bakteria hodari, ila maji ya ziwa huua ishara yake

Bidhaa tunayoipitia hapa ni vitu viwili vinavyotumika kama kimoja: nasaba ya bakteria iitwayo CV026, iliyotokana na Chromobacterium violaceum, na unga wa C6-HSL, molekuli ambayo bakteria hutumia kama ishara, unaouzwa kwenye vichupa vya miligramu chache. Nasaba huagizwa kwenye hazina za vimelea za ng'ambo, au huombwa kwa labo nyingine inayoitunza. Unga huagizwa kwa muuza kemikali. Vikikutana kwenye sahani ya agari, bakteria waliokuwa weupe hugeuka zambarau ndani ya siku moja. Mashine ya kupima mwanga haihitajiki, wala rangi ya kuongeza, macho yanatosha.

Kwa labo ya chuo Goma, Bukavu au Lubumbashi inayotaka kufundisha mawasiliano ya bakteria, au kuanza kuwaunda bakteria wanaopeana ishara, tunaipa alama nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyokatwa ni kwa sababu kuna ishara ambazo haizioni kabisa, na moja kati ya hizo inamgusa kila mwenye shamba la migomba Kivu. Lawama nyingine nyingi zinazotupiwa CV026 si zake. Ni za maji, na Goma maji husumbua kuliko mahali pengi.

Kwanza, inavyofanya kazi. Bakteria wengi wa Gramu hasi hutoa molekuli ndogo za jamii ya AHL, yaani asili-homoserini-laktoni. Wakiwa wachache molekuli hizo hutawanyika na kupotea. Wakizidi, zinalundikana hadi zinashika protini pokezi, na jeni fulani zinawashwa kwa wote kwa pamoja. Tabia hiyo ilielezwa mwaka 1970 na Nealson, Platt na Hastings walipochunguza bakteria wa baharini wanaong'aa, Vibrio fischeri. Molekuli yenyewe ilitambuliwa mwaka 1981 na Eberhard na wenzake, na mwaka 1994 Fuqua, Winans na Greenberg wakaipa tabia hii jina la kuhisi akidi. Katika Chromobacterium violaceum ATCC 31532, jeni cviI hutengeneza C6-HSL, protini CviR huipokea, kisha jeni za vioABCDE hutengeneza violasini, rangi ya zambarau. Katika CV026 jeni cviI imevunjwa kwa transposoni, kipande cha DNA kinachojichomeka ndani ya jeni: ina masikio, haina mdomo. Inabaki nyeupe mpaka ishara iletwe na mwingine. Iliyoitambulisha kama kipimo ni kazi ya McClean na wenzake ya mwaka 1997.

Inasikia AHL za minyororo mifupi, kuanzia C4 hadi C8 (namba ni idadi ya kaboni kwenye mnyororo). C6 ndiyo inayoisikia vizuri zaidi. 3-okso-C6 inaisikia kwa nguvu kidogo. Minyororo mirefu, C10 hadi C14, haiiwashi bali huizima, na hilo lina matumizi yake: ukiiwasha kwanza kwa C6-HSL kisha ukaweka sampuli kwenye kisima, yaani tundu dogo lililotobolewa kwenye agari, duara jeupe kwenye uwanja wa zambarau huweza kukuonyesha kwamba kuna AHL ndefu.

Nasaba ikifika katika ampuli ya unga mkavu, inastahimili safari ya barabara kutoka Kigali hadi mpaka wa Goma, Grande Barrière, bila barafu. Futa ampuli kwa alkoholi ya asilimia 70, ikwaruze shingo, ivunje ndani ya kitambaa safi, tia mililita 0.5 ya mchuzi wa LB (lishe ya bakteria, vipimo vyake viko chini), iache dakika chache inyonye maji, kisha chora kwenye sahani mbili za LB zisizo na antibiotiki. Wengi hukimbilia kanamisini siku hiyo hiyo. Bakteria waliotoka kwenye ukavu wana majeraha, na antibiotiki huwamaliza kabla hawajapona. Sahani ya pili, ya siku inayofuata, ndiyo iwe na kanamisini mikrogramu 25 kwa mililita. Kichupa cha sindano cha gramu 1, ukikipata, kinayeyushwa katika mililita 40 za maji safi: unapata miligramu 25 kwa mililita, kichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22, na kutoka hapo ni mililita 1 kwa kila lita ya agari. Koloni sahihi ni nyeupe au rangi ya maziwa baada ya saa 24 hadi 48 kwenye nyuzi 30. Koloni ya zambarau kwenye sahani isiyotiwa ishara ina maana mbili tu: umechanganya na nasaba mama, au jirani yake anatoa AHL.

Usiitunze kwenye frigo. Chromobacterium haipendi baridi ya nyuzi 4 na sahani iliyosahaulika humo huja kuwa na bakteria wachache walio hai, au hakuna. Changanya mililita 0.5 ya mchuzi uliokuzwa usiku kucha na mililita 0.5 ya gliseroli ya asilimia 50, gandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Asiye na friza hiyo atumie ya nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini iwe ile inayojaza barafu ukutani. Friza za kisasa zinazojiyeyushia barafu zenyewe hupasha na kugandisha mara kwa mara, na kila mzunguko unaua sehemu ya bakteria. Kwa kuwa umeme hukatika, weka nakala katika majengo mawili yasiyotegemea laini moja.

Lishe ni LB ya kawaida: kwa lita moja, triptoni gramu 10, dondoo ya hamira gramu 5, chumvi gramu 5, na agari gramu 15 kwa sahani. Hapa usibadilishe triptoni kiholela. Violasini hujengwa kwa molekuli mbili za triptofani. Kasini iliyovunjwa kwa asidi haina triptofani, kwa sababu asidi huiharibu, na peptoni ya jelatini haina kwa asili. Bakteria watakua juu ya vyote viwili, rangi itakuwa ya kufifia, na utadhani ishara ni dhaifu. Soma lebo: unachotaka ni kasini iliyovunjwa kwa kimeng'enya.

Sasa maji. Maji ya bomba ya Goma hupampiwa kutoka Ziwa Kivu, na asiye na bomba anachota ziwani humo humo kwa bidoni. Maji ya juu ya ziwa hili yana pH iliyo karibu na 9, pamoja na bikaboneti na magneziamu nyingi. Bakteria hawajali sana. CV026 itakua humo, mchuzi utakuwa mzito, koloni zitakuwa na afya. Kinachokufa ni ishara. Molekuli ya AHL ina pete ya laktoni, na hidroksidi huifungua pete hiyo. pH ikipanda kwa 1, hidroksidi huongezeka mara 10, na kasi ya kufunguka kwa pete hupanda takriban vivyo hivyo. Joto nalo huisukuma zaidi. Molekuli iliyofunguka haishiki tena CviR. Ndipo mwanafunzi anapoona sahani nyeupe iliyojaa bakteria hai, anasema unga ni wa bandia, anaandika malalamiko kwa muuzaji, kumbe nasaba ni nzima na unga ni mzima.

Kuchemsha hakutibu hali hiyo, kunaizidisha. Ndani ya otoklavu bikaboneti hutoa kabonidioksaidi, pH inapanda, na magneziamu na kalisi hushuka kama unga mweupe, hasa ukiwa umetia fosfeti. Kichungi cha maji ya kunywa hakigusi pH. Maji ya mvua yana kasoro ya upande mwingine: moshi wa Nyiragongo huyatia asidi na floridi, na kiasi hubadilika kulingana na upepo, kwa hiyo sahani za wiki hii hazifanani na za wiki ijayo. Tumia maji yaliyotoneshwa. Maji ya batri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri yanafaa, mradi uyapime kwa karatasi ya pH kabla ya kuyaamini, kwa sababu chupa zinazofanana nayo huwa na asidi ya kujazia batri mpya. Asidi hiyo inachoma ngozi na macho. Usionje, usinuse kwa karibu.

Hata maji yakiwa safi kabisa, LB isiyo na bafa, kemikali inayoshikilia pH mahali pake, huteleza. Haina sukari ya kutosha, hivyo bakteria huunguza asidi amino na kutoa amonia, na mchuzi wa usiku mmoja unaweza kuvuka pH 8. Suluhisho zuri ni bafa ya MOPS ya milimola 50, yaani gramu 10.46 kwa lita, iliyorekebishwa hadi pH 6.8. Ya bei nafuu ni fosfeti: KH2PO4 gramu 3.40 na K2HPO4 gramu 4.35 kwa lita hukupa milimola 50 kwenye pH hiyo hiyo, ilimradi maji hayana magneziamu ya ziwa. Pima pH kabla ya kuchemsha na upime tena baada ya kupoa. Mtu akituuliza anunue nini kwanza, mita ya pH au kitikisaji, jibu letu ni mita ya pH pamoja na vichupa vya bafa ya 4 na 7 vya kuisawazishia.

Jambo la pili ni mwinuko. Goma na Bukavu ziko karibu na mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka humo kwenye nyuzi 95 hivi. Sufuria ya presha ya paundi 15 kwa inchi ya mraba hufika nyuzi 121 pwani. Hapa presha ile ile kwenye mshale ni karibu nyuzi 118, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Nyuzi tatu zinaonekana kidogo, lakini kasi ya kuua mbegu ngumu za bakteria inashuka kwa nusu. Ama pandisha hadi paundi 17 na nusu kama sufuria imeruhusiwa kufika hapo, ama baki na 15 na uongeze muda kutoka dakika 15 hadi 30. Hesabu muda tangu mvuke ulipofukuza hewa yote, si tangu ulipowasha jiko. Bacillus wanaostahimili uchemshaji mbovu ni adui wa pekee katika kazi hii: baadhi yao hutoa kimeng'enya cha laktonasi kinachofungua pete ile ile, hivyo uchafu mdogo usioonekana kwa macho unaweza kufuta ishara yako yote.

Unga wa C6-HSL una uzito wa molekuli 199.25. Miligramu 10 katika mililita 5 za kiyeyushi cha DMSO au asetonitrili hukupa milimola 10, ambao ndio myeyusho mama. Ugawe katika vichupa vya mikrolita 100, ugandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na utoe kimoja kimoja. Usiuyeyushe kwa maji ukauweka. DMSO huganda kwenye nyuzi 18, kwa hiyo asubuhi ya Goma unaweza kuikuta imekuwa barafu mezani. Ipashe mkononi, ichanganye vizuri, ndipo unyonye. Wengine hutumia ethili asetati. Ni nzuri kwa kuvuna ishara kutoka kwenye mchuzi, lakini inayeyusha plastiki ya sahani za petri na inaua bakteria, hivyo iache ikauke yote kabla ya kuongeza kitu kingine.

Jaribu bidhaa kabla ya kuitumia kwenye kazi ya kweli. Punguza myeyusho mama mara 10 kwa DMSO upate milimola 1. Mililita 10 za LB yenye bafa katika chupa ya mililita 100, tia mikrolita 100 za mchuzi wa CV026 wa usiku kucha, na mikrolita 10 za ule wa milimola 1: umepata mikromola 1. Tengeneza chupa nyingine za nanomola 100 na nanomola 10, na moja yenye DMSO peke yake. Tikisa kwa mizunguko 150 hadi 180 kwa dakika, nyuzi 30, saa 24. Ya mikromola 1 iwe zambarau iliyokolea, ya DMSO iwe nyeupe. Ikiwa zote ni nyeupe, fuata mpangilio huu: pH ya mchuzi wa mwisho, kisha hewa, kisha triptoni, na unga uwe wa mwisho kushukiwa. Hewa ina maana kwa sababu vimeng'enya kadhaa vya violasini vinahitaji oksijeni. Chupa iliyojaa nusu au isiyotikiswa hutoa pete ya zambarau juu na maziwa chini. Bila kitikisaji, fanya kazi kwenye sahani.

Kabati la joto si lazima liwe la dukani. Goma wastani wa joto uko chini ya nyuzi 30, hivyo sanduku la polisterini lenye balbu ya wati 25 ya nyuzi za moto na thermostati ya kuangulia vifaranga linatosha. Polisterini hulinda joto kwa muda umeme ukikatika. Weka kipimajoto karibu na sahani, si karibu na balbu.

Kwa sahani za visima, mimina mililita 15 za agari ya LB kwenye sahani ya sentimita 9. Ikiganda, funika kwa mililita 5 za agari laini ya asilimia 0.7 iliyopoa hadi nyuzi 45, iliyochanganywa na mikrolita 100 za CV026. Toboa visima vya milimita 5 na tia mikrolita 50 za sampuli. Acha sahani saa moja bila kuigeuza ili kioevu kinyonywe, vinginevyo kitatiririka kwenye kifuniko. Ukitaka sahani ya kutafuta vizuia ishara, tia C6-HSL kwenye agari laini, na hapa hesabu hukosewa sana: ishara haibaki juu, inashuka hadi chini. Mikrolita 2.5 za milimola 1 katika mililita 5 zinaonekana kuwa mikromola 0.5, lakini zikisambaa katika mililita 20 zote inabaki 0.125. Kwa 0.5 ya kweli weka mikrolita 10. Ukizidisha ili rangi ipendeze, vizuizi dhaifu vitafunikwa.

Kazi hii ya kutafuta vizuizi kwenye majani ya dawa, mubirizi na mengineyo, inapendwa sana vyuoni, na ndiyo inayozaa matokeo mengi mabovu. Duara lisilo na rangi linaweza kuwa la namna mbili. Likiwa angavu, unaona kidole chako upande wa pili, bakteria wamekufa: hiyo ni dawa ya kuua, si ya kunyamazisha. Likiwa la maziwa, limejaa bakteria weupe, hapo ndipo pana habari. Chukua kipande cha agari kutoka kwenye duara, kipunguze, kisambaze kwenye sahani, hesabu koloni na ulinganishe na mahali penye zambarau. Halafu pima pH ya dondoo. Majivu ya mimea na magadi ni besi. Yatafungua pete za laktoni bila jani lolote kufanya kazi. Sahihisha dondoo hadi pH 6.8 na urudie. Na daima pawe na kisima cha kiyeyushi peke yake: etanoli ya asilimia 70 katika kisima hutoa duara zuri la kumdanganya mtu.

Kuna kipimo kimoja kinachotenganisha namna ishara ilivyoharibiwa, nasi tunakipendekeza kwa kila anayetafuta Bacillus wa laktonasi kwenye udongo. Changanya C6-HSL ya mikromola 10 na bakteria wako katika bafa ya pH 7, chukua sampuli saa 0, 1, 2 na 4, chuja, weka kwenye visima vya CV026 pamoja na bafa ile ile isiyo na bakteria. Rangi ikipungua, chukua sampuli iliyopoteza ishara, ishushe hadi pH 2 kwa asidi hidrokloriki, iache usiku kucha, irudishe pH 6.8, ijaribu tena. Pete iliyofunguliwa hujifunga kwenye asidi na zambarau inarudi. Isiporudi, mnyororo wenyewe umekatwa, na huenda una asilasi, kimeng'enya kinachoukata. Laktonasi ya kwanza maarufu, AiiA, ilitoka kwa Bacillus mwaka 2000, na mwaka uliofuata Dong na wenzake walionyesha kwamba tumbaku na viazi vilivyopewa jeni hiyo vinastahimili uozo laini wa Erwinia. Kwa wanaohifadhi viazi vinavyoshuka Goma kutoka Masisi, huu ni uwanja wa kazi ya maana kabisa.

Ukitaka namba badala ya macho, chukua mililita 1 ya mchuzi, zungusha kwa sentrifuji dakika 10 kwa nguvu ya 13,000 g, mwaga maji, yeyusha mashapo kwa mililita 1 ya DMSO hadi yabaki meupe, zungusha tena, soma nanomita 585. Usipime wingi wa bakteria kwa nanomita 600 kwenye mchuzi wa zambarau: violasini nayo hunyonya mwanga hapo, na bakteria wataonekana wengi kuliko walivyo. Soma 700 au zaidi, au hesabu koloni.

Upande wa uhandisi ndipo CV026 inapostahili sifa zaidi ya inazopewa. E. koli haitengenezi AHL, hivyo ni mwenyeji safi: ukimpa jeni luxI kutoka Vibrio fischeri atatoa 3-okso-C6-HSL, ukimpa jeni luxR na promota yake, yaani swichi ya kuwashia jeni, ataisikia. Kwa jozi hiyo You, Cox, Weiss na Arnold mwaka 2004 walitengeneza E. koli wanaojizuia idadi, ishara ikizidi wanawasha sumu CcdB. Mwaka 2005 Basu na wenzake walipanga bakteria wakang'aa kwa mikanda kulingana na umbali kutoka chanzo. Mwaka 2010 kundi la Hasty lilipata saa inayopiga kwa pamoja, luxI ikitengeneza ishara na AiiA ikiifuta. Mwaka 2016 kundi hilo likawafanya bakteria wapasuke kwa zamu na kumwaga dawa ndani ya uvimbe wa panya. Kipande cha kupokea ishara, BBa_F2620, kilipimwa kwa kina na Canton, Labno na Endy mwaka 2008, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Katika miradi hiyo CV026 ni shahidi wa bei nafuu: inakuambia kama luxI uliyoingiza inafanya kazi kabla hujatafuta mashine ya kupima GFP, protini inayong'aa kijani. Kuza E. koli katika LB yenye MOPS, zungusha, chuja kwa 0.22, weka mikrolita 50 kisimani, na kwenye sahani hiyo hiyo weka ngazi ya viwango. Ngazi iwe ya 3-okso-C6-HSL, uzito wake 213.23. Ukitumia C6-HSL kwa kuwa ndiyo uliyo nayo, utapunja makadirio, maana CV026 huisikia C6 vizuri zaidi. Angalia pia antibiotiki iliyobaki kwenye mchuzi. Kanamisini na ampisilini hazitaisumbua CV026. Lakini pSB1C3, plasmidi (duara dogo la DNA) ya kawaida ya kubebea vipande hivi, huchaguliwa kwa kloramfenikoli, na hiyo huacha duara angavu pale ulipotarajia zambarau. Osha E. koli, wakuze hatua ya mwisho bila antibiotiki, ndipo uchuje. Isichotambua CV026 ni promota inayovuja: luxI inayofanya kazi wakati haikutakiwa itaonekana sawa na iliyotakiwa, hapo lazima GFP.

Washindani wake? Agrobacterium tumefaciens NTL4 yenye plasmidi pZLR4 ni nyepesi kuhisi, inasikia minyororo mingi zaidi, na hupenda sana 3-okso-C8. Gentamisini yake inapatikana kila famasi: ampuli ya miligramu 80 katika mililita 2, mikrolita 0.75 kwa mililita hukupa mikrogramu 30. Kinachoikwamisha ni X-gal, kemikali ya kuipa rangi ya buluu, ghali na isiyopenda mwanga. E. koli yenye plasmidi pSB401 hung'aa hata kwenye nyuzi 37, lakini bila mashine au chumba cha giza kamili hutaona kitu. Vibrio BB170 ya kupima AI-2, ishara ya jamii nyingine isiyo AHL, hatuipendekezi kwa anayeanza. Glukosi kidogo kwenye sampuli inapotosha jibu.

Tahadhari ya mwili iwe ya kweli. Chromobacterium violaceum huishi kwenye maji na udongo wa nchi za joto, na kuambukiza binadamu ni nadra, lakini ikiingia kwenye jeraha inaweza kusababisha sumu ya damu inayoua haraka, na penisilini haiigusi. Glavu, hakuna kufanya kazi na kidonda kilicho wazi, hakuna kunyonya pipeti kwa mdomo. Sahani zilizotumika zichemshwe kwa presha kabla ya kutupwa. Vioevu vipate javel: ile yenye nguvu ya nyuzi 12 kwenye lebo (si joto) ina klorini asilimia 3.8 hivi, kwa hiyo kipimo kimoja na maji vipimo sita, dakika 30. Nasaba hii imebeba jeni ya kukinza kanamisini, isifike ziwani.

Na sasa ile nusu alama. Mnyauko wa migomba, kirabiranya, ulioripotiwa Masisi mwaka 2001, husababishwa na Xanthomonas. Watu huleta usaha wa mgomba kwenye sahani ya CV026, wanaona nyeupe, wanaandika kwamba bakteria huyo hawasiliani. Xanthomonas hutumia ishara ya jamii nyingine, DSF, asidi ya mafuta inayotengenezwa na jeni rpfF, na CviR haina pa kuishikia. Vivyo hivyo Gramu chanya, wanaotumia peptidi. Jibu jeupe la CV026 lina maana moja: hakuna AHL fupi ya kutosha hapa. Anayefuatilia AHL ndefu aongeze VIR07, iliyotokana na ATCC 12472, ambayo huwashwa na C10 hadi C16 na husomwa kwa zambarau ile ile. Anayefuatilia migomba aagize nasaba ya Xanthomonas campestris iliyovunjwa rpfF yenye jeni ya kuripoti, na bajeti ya kemikali ya kuisomea iandaliwe kabla ya ampuli kufika.